Kengele Nne Alizozikosa Mama Kofia

Kwa miaka kumi na tisa Mama Kofia alishika vichwa vya watu, na hata siku moja hakumruhusu mtu ashike chake. Wote waliofanya kazi naye walilijua hilo, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mpiga picha wa eksirei, jirani yake wa mlango wa pili, alisema ni maringo. Wafagizi walisema ana kipara. Mwenyewe aliwaacha waseme, maana maringo na kipara ni mambo ya heri ukiyaweka kando ya ukweli. Ukweli ni kwamba mwanamke huyu, pamoja na ulimi wake wote, alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa umetimiza miaka thelathini na mitatu.

Kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya ubongo. Chumba chake kilikuwa mwisho kabisa wa hospitali, ukishapita stoo ya magongo: kiti kimoja cha kuegemea, kitanda chembamba, mashine, sinki lenye bomba lisilofunga vizuri, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasichungulie. Mgonjwa akiingia, humpima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, kutoka katikati ya nyusi hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, huku akitia alama kwa kalamu nyekundu. Kisha husugua ngozi, hupaka jeli, hubandika kwa gundi visahani vya chuma ishirini na kimoja, kila kimoja na waya wake. Siku za haraka alitumia kofia ya kitambaa yenye visahani vilivyokwisha kushonewa, nayo ndiyo iliyompa jina. Akimaliza huzima taa, hukaa mbele ya skrini na kuitazama mistari ikitembea.

Mdomo alikuwa nao. Mwanamume mzima akilalamika kwamba jeli ni ya baridi, alimjibu hapo hapo, "Baba, mkeo amezaa mara ngapi? Na wewe unalia kwa jeli?" Aliyechelewa kuleta mgonjwa alisomewa methali ile ile kila siku: mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu walimpenda, lakini kwa mbali kidogo.

Sasa, kazi hii ina desturi yake. Watu huifundishana kwa vichwa vyao wenyewe: leo unambandika mwenzio, kesho anakubandika wewe, mkiisha mnasomeana chati na kuchekana. Mama Kofia alipokuwa akijifunza, kila zamu yake ilipofika alikuwa na udhuru. Leo amesuka juzi tu. Leo ana mafua. Leo kichwa kinamgonga. Walimu walichoka naye, wakampa cheti aende zake.

Sababu ilikuwa mama yake. Mama yake alikuwa akiondoka. Hilo ndilo neno lililotumika nyumbani kwao. Yuko anakunja nguo, mara macho yanaganda, midomo inatafuna na ndani hamna kitu, vidole vinavuta kifungo cha gauni, vinakiacha, vinakivuta tena. Dakika moja, au moja na nusu. Halafu anarudi na kumalizia maneno aliyoyakatiza, asijue kwamba amekwenda popote. Majirani walisema amepandwa na pepo. Wakaletwa wapiga ngoma, ngoma ikapigwa siku saba, na alipoondoka katikati ya ngoma watu walishangilia kwamba mgeni amefika. Kumlinda mama aachwe nani? Akaachiwa binti, ambaye siku hizo alikuwa na miaka kumi. Alasiri moja binti alitoka kwenda kuruka kamba na wenzake, mizunguko mia tu, si zaidi. Aliporudi alimkuta mama ameinamia beseni la nguo, uso umo majini. Mama alikuwa na miaka thelathini na sita. Mbele ya waombolezaji wote shangazi mtu akamkazia macho yule mtoto na kusema, "Hicho hakizikwi. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Mama Kofia alikuja kuyajua yote baadaye, alipokaa mbele ya mashine. Kilichomchukua mama yake kina jina, ni kifafa cha aina isiyomwangusha mtu, na vidonge vyake viko pale chini kwenye dirisha la dawa. Ungedhani kujua kungempunguzia hofu. Wapi! Pepo unaweza kumbembeleza. Chati haibembelezwi, na damu ya mama yake ilikuwa ndani yake na ndani ya mtoto wake.

Maana alikuwa na mtoto, binti mmoja wa miaka kumi, waliyeishi naye wawili tu tangu baba mtu alipojiolea kwingine. Na ndani ya mkoba wake, kwa wiki ya tatu sasa, kulikuwa na barua ya mwalimu: "Binti yako anazubaa darasani. Naweza kumwita mara tatu asisikie. Tafadhali apimwe." Watu walisafiri siku mbili kumfuata Mama Kofia na mashine yake. Yeye alikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni na mtoto nyumbani, na hakuthubutu. Kila asubuhi aliigusa ile barua, akaisukuma chini zaidi ya mkoba.

Hali ilikuwa hiyo walipokuja wanaanthropolojia. Walikuwa wawili. Mkubwa wao, Profesa, alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, aliyeandika kila kitu. Ukipiga chafya anaandika chafya na saa yake. Mwenzake, mtu mnene mpole, alibeba kengele ndogo ya shaba, basi siku hiyo hiyo akaitwa Bwana Kengele. Miaka sita walikuwa wameketi na waganga, wamekesha kwenye ngoma, wamejaza madaftari, na sasa walitaka kujua kichwa kinafanya nini mganga anapopanda, yaani pepo anapomwingia. Hospitali ikawapa alasiri tatu na Mama Kofia.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Ngoma iliyorekodiwa inapigwa kwenye spika. Bwana Kengele anagonga kengele bila mpangilio, na anayepimwa, kila akiisikia, anabonyeza kitufe. Asipobonyeza, basi hayupo. Na ili mganga alinganishwe, lazima apatikane mtu wa kawaida, asiyepanda, akae kwenye kiti kile kile na kusikiliza ngoma ile ile.

Mganga waliyemleta hakuwa na makuu. Alikuwa mtu mfupi, amevaa viatu vipya vilivyombana na amepaka nywele rangi nyeusi ti. Alipoona jeli alishika kichwa.

"Mama, rangi hii nimeipaka jana. Usiniharibie."

"Mzee, kwani mizimu haikutambui ukiwa na mvi?"

"Mizimu inanitambua. Wateja ndio wana shida."

Walicheka wote wawili, akabandikwa, taa ikazimwa. Ngoma ilipoanza Mama Kofia alijiegemeza kutazama, na alichokiona hakuwahi kukiona. Mawimbi ya yule mzee yalipungua kasi pole pole, yakawa mapana, laini, sawasawa kulia na kushoto. Kengele ikagongwa mara ya kwanza, ya tano, ya kumi, na kitufe hakikubonyezwa. Baada ya dakika nane aliinua kidole kimoja, kama alivyokuwa amewaahidi, na mawimbi yakarudi mahali pake. Mtu huyu alitoka na kuingia kama mwenye ufunguo wa nyumba. Mama Kofia alimwonea wivu, wivu wa wazi kabisa.

Mtu wa kawaida alikuwa awe yule jirani wa eksirei. Alikaa kitini kwa mbwembwe, akabonyeza kitufe kwa kengele sita, ya saba ikamkuta anakoroma. Chati ya mtu aliyelala haimfai mtafiti. Profesa alitazama saa, akamtazama Mama Kofia.

"Dada, si ukae wewe? Ni dakika kumi tu."

"Mimi? Nani atatazama mashine?"

"Mashine inarekodi yenyewe. Ulituambia mwenyewe jana."

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mlangoni. Jirani wa eksirei alikuwa anacheka. Yule mganga, taulo kichwani akisubiri kuoshwa gundi, alikuwa anamtazama. Kukataa kungezaa swali, na swali lingezaa jingine. Halafu akajiambia jambo alilokuwa akijiambia kila siku ya kuzaliwa kwake: nina miaka arobaini na mitatu, nimempita mama yangu, kama kingekuja, kingekuwa kimeshakuja. Akavua kilemba. Hakuwa na kipara. Akasimama mbele ya kioo cha sinki akajivika ile kofia kwa mikono yake, na Profesa alipotia jeli nusura aseme ni ya baridi.

Ngoma ikaanza. Alishika kitufe kwa nguvu hadi kidole kikauma. Kengele, akabonyeza. Kengele, akabonyeza. Alizihesabu moja moja, kwa kuwa kuhesabu humweka mtu macho, na kila moja iliyopita ilimwondolea kilo moja kifuani. Nane, tisa, kumi. Ilipofika ya ishirini ngoma ilikoma, taa ikawashwa, na akajikuta anatabasamu kama aliyefaulu mtihani.

"Ishirini," akasema. "Na zote nimebonyeza. Huyo wa eksirei akajifunze."

Bwana Kengele alikuwa anatazama karatasi yake. Hakucheka.

"Dada, nimegonga ishirini na nne."

"Umekosea kuhesabu."

"Naweka alama kila nikigonga. Ya kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Hukubonyeza. Ulikuwa umefumbua macho."

Ukisahau jambo, kunabaki alama, unajua kwamba umesahau. Mama Kofia hakuwa na alama yoyote. Kengele ya kumi na ile aliyoiita ya kumi na moja zilikuwa zimeshonwa pamoja bila mshono kuonekana, na mahali palipokatwa ndipo alipokuwa akienda mama yake. Na Profesa, Mungu amsamehe, alikuwa anang'aa uso mzima.

"Umepanda!" akasema, kalamu ikikimbia. "Mtu wa kawaida kabisa, kwa ngoma tu!" Akamshika mwenzake mkono. Watu hawa miaka sita walikuwa wakitafuta kitu kimoja, na mtu akitafuta kitu miaka sita, kila kinachong'aa ni chenyewe. Siku saba za ngoma za utotoni zilimrudia Mama Kofia masikioni, pamoja na vigelegele vya mgeni amefika. Wasomi na majirani wa mama yake walikuwa wameshangilia kitu kile kile.

"Nisafishe chati kwanza," alisema. "Kisha mtaziona." Akawatoa wote, akafunga mlango.

Alisogeza rekodi hadi kengele ya kumi. Juu ya sikio la kushoto vilianza vijimawimbi vidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Vikakua, vikachongoka, vikawa miiba, mwiba juu ya mwiba, vikatambaa hadi nusu ya kichwa. Sekunde sabini. Alikuwa amewaonyesha madaktari miiba kama hiyo mara mia, kwa fimbo ya kuelekezea na sauti ya mwalimu. Chini ya skrini pana nafasi ya fundi kuandika maoni. Mgonjwa akitafuna, misuli ya taya huichafua chati, na fundi huandika hivyo ili daktari asidanganyike. Mama Kofia aliandika: "Mhusika ametafuna. Sehemu hii isitumike." Miaka kumi na tisa hakuwahi kudanganya katika nafasi ile, na hata sasa hakuwa amedanganya sana, kwa kuwa bila shaka alikuwa ametafuna.

Mganga alibaki benchini nje na taulo lake. Alimwita ndani, akamwinamisha kwenye sinki, akaanza kumtoa gundi nywelini. Maji yalitoka meusi.

"Mama," yule mzee alisema, uso ukiwa sinkini, "wale walikuwa wanatazama makaratasi. Mimi, kwa mwanga wa skrini, nilikuwa natazama vidole vyako. Ulikuwa unavuta kifungo."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Mimi nakwenda kwa miguu yangu, na siku nisiyotaka siendi. Wewe ulichukuliwa. Hivyo ni vitu viwili."

"Basi nitibu, mzee." Ilimtoka kwa utani, lakini sauti haikuwa ya utani.

"Nikutibu kwa kipi? Wagonjwa wa namna hiyo nawaleta hapa hapa kwako. Mwaka juzi nilimleta kijana wa dada yangu, ukanitukana kwamba nimechelewa. Ukanisomea na methali." Akainua kichwa, maji yakimchuruzika shingoni. "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Anajua?"

Alimkausha nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamwambia rangi yake imepona, jambo ambalo halikuwa kweli.

Usiku ule hakulala, na kesho yake mchana akamfuata binti yake shuleni, akampeleka moja kwa moja hadi kile chumba cha mwisho. Mtoto alipanda kitini, akaweka mikono mapajani. Safari hii Mama Kofia hakutumia kofia. Alipima kwa futi, nyusi hadi kisogo, sikio hadi sikio. Kichwa kilikuwa kidogo mno. Alibandika visahani vyote ishirini na kimoja, kila kimoja na dua yake. Alifika juu ya sikio la kushoto akasimama kidogo, kisha akabandika.

"Jeli ya baridi," alisema mtoto.

"Vumilia, mama."

Akazima taa. Alimwamuru afumbe macho, afumbue, apulize kama anayepoza chai, dakika tatu nzima, kwa kuwa kupuliza huko huviamsha vilivyolala. Kisha taa ya kumetameta, pole pole, haraka, haraka zaidi. Kila mstari ulipotikisika moyo ulimruka. Mtoto alikuwa amepepesa jicho tu. Dakika ishirini. Thelathini. Akarudia tangu mwanzo, kwa kuwa hakuyaamini macho yake, na tangu jana alikuwa na haki ya kutoyaamini. Chati ilikuwa safi, safi kabisa, kulia na kushoto.

Aliwasha taa, akacheka, akalia, vyote pamoja, na furaha ilipomjaa ikageuka hasira kama kawaida yake.

"Sasa wewe, kama kichwa kizima, kwa nini unazubaa darasani? Mwalimu anakuita mara tatu!"

"Nasinzia."

"Unasinzia! Saa mbili si uko kitandani?"

Mtoto alitazama nyaya zilizomwangukia mabegani. "Ukiamka alfajiri kufua, na mimi naamka. Nakaa nyuma ya mlango."

"Unafanya nini nyuma ya mlango?"

"Nahesabu. Huwa unaondoka, mama."

Neno lile lile. Yeye hakumfundisha, ndilo neno linalomjia mtoto anayemtazama mama yake.

"Unatafuna na mdomoni huna kitu. Ukirudi kabla ya themanini, narudi kulala. Ukipita themanini nilipanga kumwita mama wa jirani, lakini hujapita. Mara nyingi ni sabini."

Mama Kofia alishikilia ukingo wa kitanda. "Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu. Bibi, shangazi yako, ndiye aliyeniambia habari za mama yako. Usimgombeze." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na kwa mabeseni pia, usimgombeze yule muuzaji. Ni mimi. Nayatoboa kwa msumari, maji yasijae."

Mabeseni matatu yalikuwa yamevuja mwaka huo. Mara tatu alikuwa amekwenda sokoni kumtukana muuza plastiki, mwizi, muuza takataka, hadi yule mtu akawa anajificha akimwona. Alfajiri zote hizo alikuwa ameinamia beseni lisilojaa, akilaani, na nyuma ya mlango mtoto wa miaka kumi anahesabu.

Alimbandua visahani kimoja kimoja, akamwosha kichwa. Kisha akaifungua rekodi yake ya jana, akafika kwenye nafasi ya fundi, akayafuta maneno yake. Akaandika: "Mhusika hakutafuna kitu. Mhusika ni mimi, na mama yangu alikuwa na ugonjwa huu." Akaichapa, akampelekea daktari wa ubongo mwenyewe, ambaye siku hiyo kwa bahati alikuwapo. Aliambiwa akae benchini, ataitwa. Profesa angesikia baadaye, na miaka yake sita ingepungua ukurasa mmoja.

Palikuwa na ua mdogo wa saruji nje ya dirisha la benchi lile. Alitoa kamba ya nguo kwenye mkoba, mpya, aliyoinunua asubuhi ya kuanikia, akampa mtoto.

"Nenda karuke."

"Nani atakuangalia?"

"Humu kuna madaktari tisa. Nenda."

Mtoto alikwenda. Mama Kofia akakaa, karatasi mapajani, akisikiliza kamba ikipiga saruji. Alikuwa anaogopa bado. Alimwogopa daktari, vidonge, na alfajiri ya kesho. Moja, mbili, tatu, alihesabu pamoja nayo. Ilipofika kumi kamba ilinyamaza, na uso mdogo ukatokea dirishani, ukamkagua mdomo na vidole. Mama Kofia akainua mkono kumwonyesha kwamba yupo. Uso ukaondoka, kamba ikaanza upya, na kwenye kumi ikanyamaza tena.